Samaki Asiyeliwa Hana Jina

Mapokezi ya hoteli moja mjini Kigoma yana tangi la samaki. Ukikaa kwenye kochi, dirisha la kulia linakupa Ziwa Tanganyika lote, maji ya buluu mpaka milima ya Kongo. Kushoto kwako ndilo tangi: samaki wanne wa dhahabu, wale wenye asili ya China, ngome ya plastiki, na kisanduku cha hazina kinachofunguka kila baada ya muda na kutema mapovu. Nilimuuliza kijana wa mapokezi kwa nini hawakuweka samaki wa hapa. Akacheka, kwa adabu kabisa. "Dada, wa hapa si wa kuliwa?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nimekaa na swali lake miezi mitatu sasa. Haya ndiyo majibu yangu, na najua baadhi yenu hamtayapenda, hasa nyie mnaoandika.

Nianze na sisi watu wa maneno. Hebu mtafute samaki kwenye methali zetu. Samaki mkunje angali mbichi: huyo keshavuliwa. Samaki mmoja akioza wote huoza: huyo yuko kwenye tenga tangu asubuhi. Samaki wa Kiswahili ni maiti, jamani. Najua kuna atakayeniletea mkizi, ambaye hasira zake ni tijara ya mvuvi, na mwingine ataniletea usingizi wa pono. Karibuni, maana hao wawili ni mashahidi wangu. Mtu wa kwanza kusema fulani analala usingizi wa pono alikuwa amemwona pono akiwa hai, usiku, amejibanza kwenye mwamba, hashtuki. Alisimama akamtazama. Msemo ule ulizaliwa machoni kabla haujafika mdomoni.

Lakini pono na mkizi ni wa bahari, na wote wawili ni kitoweo. Changu, tasi, kolekole, chewa, kibua, nguru: utajiri wote huo wa majina umepitia sufuriani. Njoo ziwani: dagaa, mgebuka, kuhe, sato, sangara. Tumbo tena. Baada ya hapo majina yanakwisha na tunaanza kusema "samaki wadogo wadogo". Riwaya zetu nazo husema hivyo hivyo. Jua likazama, samaki wadogo wakarukaruka majini. Samaki gani, ndugu mwandishi? Wa rangi gani? Na walikuwa wanaruka kumkimbia nani?

Msidhani najitoa. Mimi ni mtu wa Ujiji. Dunia inaijua Ujiji kwa sababu mwaka 1871 Mzungu mmoja alimkuta mwenzake pale na kumsalimia, basi. Nimekulia kwenye yale maji, nimeokota magamba ya konokono mchangani na kuyapanga ukutani kama vikombe, na mara nyingi kitu kilichezacheza ndani ya gamba nikalitupa nikidhani ni mdudu. Nilikuwa na miaka 34, nipo Tabata, umeme umerudi saa nne usiku, nilipojua kile kitu ni nini. Nilijulia kwenye ukurasa wa mfugaji mmoja wa Ujerumani. Alikuwa na picha ya samaki mdogo kuliko kidole changu cha shahada, kachungulia kwenye mlango wa gamba kama bibi anayesubiri mdeni wake. Chini ya picha, ushauri wa kina kuhusu mchanga, maji na magamba. Na majina ya mahali: Ikola, Kipili, Utinta, Karilani.

Nikapigwa na butwaa. Ikola iko Katavi, Kipili iko Rukwa. Ni vijiji vya mwambao wetu, ambavyo Watanzania wengi ninaokaa nao hawawezi kuvionyesha kwenye ramani. Lakini wafugaji wa samaki kule Ujerumani, Marekani na Japani wanavitaja kama sisi tunavyotaja vituo vya daladala, kwa sababu samaki wa aina moja hubadilika rangi kutoka mwamba hadi mwamba, na mfugaji makini anataka kujua wake wametoka mwamba upi. Mtu hajawahi kukanyaga Afrika, lakini anajua kwamba wa Ikola ana mkanda wa njano ubavuni na wa kijiji kingine hana. Mimi mzaliwa nilikuwa najua kwamba mgebuka ni mtamu.

Huyo wa kwenye gamba ameandikwa kitaalamu *Neolamprologus multifasciatus*. Jina hilo la pili, lenye maana ya mistari mingi, alilipewa mwaka 1906 na George Boulenger, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi kwenye makumbusho ya London na kuletewa samaki waliokufa ndani ya chupa. Hata Boulenger, basi, alianza na maiti. Tofauti ni kwamba wenzake waliokuja baadaye hawakuishia hapo. Miaka ya 1970 Pierre Brichard alikuwa Bujumbura, anazamia, anatazama, anawakamata wakiwa hai na kuwasafirisha, na mwishowe akaandika kitabu kizima juu ya samaki wa ziwa hili. Unaweza kumlaumu kwa biashara yake, nami nitafika huko. Kwa kutazama, huwezi.

Sasa nieleze walivyo, maana hapa ndipo penye utamu.

Dume la aina hii halifiki sentimita tano, jike ni kama tatu. Wanaishi ukoo mzima pamoja, kwenye uwanja wa magamba matupu ya konokono ziwani. Kila jike ana gamba lake. Anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anachimba mpaka gamba limekaa anavyotaka, na ole wake jirani atakayeusukuma mchanga huo urudi kwake. Himaya yake yote inaenea pengine upana wa kiganja. Nimekaa mbele ya tangi langu saa nzima nikitazama majike wawili wakirudishiana mchanga uleule, mdomo kwa mdomo, na nikakumbuka kesi ya mpaka wa kiwanja iliyomaliza undugu wa shangazi zangu. Watoto hawafukuzwi wakikua kidogo, wanabaki pale pale, ukoo unapanuka, wakubwa wanawakinga wadogo. Kuna ndugu zao wengine wa ziwa hilihili, wale wa mikia mirefu yenye ncha mbili, ambao watoto wakubwa husaidia kusafisha mayai na kulinda nyumba ya wazazi kabla ya kupata yao. Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kimewasoma hao kwa miongo kadhaa. Uswisi! Sisi tunao wa kutosha kuziba bandari, na hatujaandika hata hadithi moja ya watoto juu ya yaya mwenye mapezi.

Halafu yupo *callipterus*. Dume lake ni kubwa mara kumi na zaidi kwa uzito kuliko jike, kiasi kwamba jike anaingia kwenye gamba na dume haingii. Basi dume hukusanya magamba, anayabeba kwa mdomo mpaka uwanjani kwake, anapanga kama mwenye nyumba za kupangisha. Akikosa ya kuokota anaiba ya mwenzake. Mara nyingine anaiba gamba na jike akiwa ndani. Niambie, mwandishi unayelalamika kwamba visa vimekwisha: mwanamume anayehamisha nyumba ya mwenzie usiku, mke wa mwenyewe akiwa amelala chumbani. Ungekitunga wewe, mhariri angekuambia umezidisha.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa kinywa kipana: mwandishi anayetaka kuandika ziwa aweke kwanza ziwa mezani. Tangi dogo la samaki wadogo wa kwetu, wenye hasira na viwanja vyao, litakufundisha kuliko warsha tatu za uandishi. Linakufundisha kukaa. Wiki ya kwanza utaona "samaki". Wiki ya tatu utamjua yule mwenye pezi lililochanika. Mwezi wa tatu utajua kwamba yule mnyonge wa kona ya kushoto ameongeza sentimita kumi za ardhi tangu Jumanne, na utataka kujua nani kapoteza.

Na mimi nilianza vibaya, nikiri. Nilianza na *ocellatus*, wale wenye doa kama jicho kwenye shavu la gamba la uso, wanaozika gamba lao mchangani mpaka unabaki mlango tu. Kwa muuzaji mwenye kibali nikachukua sita. Nikaweka magamba matatu, kwa sababu yalipendeza kwa hesabu ya macho yangu. Kwa akili yangu samaki mdogo ni mpole, watagawana. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa, mmoja yuko sakafuni amekauka chini ya kabati, na dume mmoja alikuwa amesimama katikati ya mchanga ametanua mashavu, ananitazama mimi. Nilipoingiza mkono kuwatoa maiti akaniuma kidole. Haukuwa uchungu, ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Aibu ndiyo iliyouma. Wale watatu waliuawa na uvivu wangu wa kusoma. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni magamba mengi kuliko samaki, na dume mmoja kwenye tangi dogo.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, akija kwangu hukaa akilipa tangi mgongo. "Dada yangu, hilo ni gereza," aliniambia. "Umewatoa kwenye ziwa la mita elfu moja mia nne na kitu kwenda chini, umewatia kwenye kioo cha sentimita sitini." (Tangi lenyewe, kwa bahati mbaya kwangu, lilitengenezwa na fundi vioo wa Gerezani. Hajaacha kunitania.)

Hoja yake ina uzito na sitaki kuipita kwa mzaha. Lakini yeye anaona kina cha ziwa kwa macho ya mshairi. Samaki wa gamba hajui kina cha ziwa. Anajua gamba lake, magamba ya jirani, na kivuli cha anayetaka kumla. Ukimpa mchanga, gamba, ukoo na maji yanayofanana na ya kwao, anachimba siku hiyohiyo, na anazaa. Wale wanne wa hotelini ndio wafungwa, maana samaki wa dhahabu hukua kupita urefu wa kiganja na kuogelea kutwa nzima, na kule wamewekwa kwenye kitu cha ukubwa wa begi. Kwa kipimo hichohicho, mtu akinionyesha mgebuka, samaki wa maji mapana anayetembea kwa makundi, ndani ya kioo, nitaandamana na rafiki yangu barabarani. Hata wale wazuri wa miambani wanaogombana kutwa, *Tropheus*, siwashauri kwa mtu wa tangi dogo. Kila samaki ana eneo lake, na mfugaji asiyejua eneo la samaki wake ni askari magereza kweli.

Na kuna upande ambao rafiki yangu ananishinda kabisa. Kwa kuwa aina nyingine zinaishi kwenye kipande kimoja tu cha mwambao, mwamba mmoja ukikamuliwa na wauzaji basi rangi hiyo imekwisha duniani. Uzuri wenyewe ndio unaowamaliza. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya: nunua waliozaliwa kwenye matangi, na kama hujui wametoka wapi, usinunue. Na ukichoka nao, usiwamwage mtoni wala bwawani. Sangara naye alimwagwa na watu waliokuwa na nia njema.

Nimemtaja sangara, basi tufike Mwanza. Alipandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, na katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameshalimeza lile ghuba. Aliowala ni furu: samaki wadogo, aina zaidi ya 500, kila moja na taya lake na kazi yake, mmoja anakwangua mwani, mwingine anavunja konokono, mwingine anakula mayai ya wenzake. Inakadiriwa aina kama 200 zilipotea. Jina tulilokuwa nalo kwa wote hao ni moja: furu. Ukisema furu umemaliza. Ulipotoka filamu ya *Darwin's Nightmare* mwaka 2004, nchi nzima ilichemka, mpaka Rais Kikwete akaisema hadharani. Tulibishana kuhusu minofu, mapanki, ndege za mizigo na heshima ya taifa, na yote hayo yalistahili kubishaniwa. Mimi sikumsikia mtu akimlilia furu.

Aliyemlilia alikuwa Mholanzi. Tijs Goldschmidt aliishi Mwanza akiwasoma furu wakati uleule walipokuwa wanatoweka nyavuni mwake, na mwaka 1994 akaandika *Darwins hofvijver*, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza kama *Darwin's Dreampond*. Nakitaja hapa kwa sababu ni kitabu cha fasihi hasa, kina ucheshi, kina majuto, kina Mwanza ya wakati huo pamoja na nyavu na uvumi wake. Kwa Kiswahili sijakiona. Yaani maombolezo makubwa ya kitu kilichokufa kwenye maji yetu yapo kwa Kiholanzi, na sisi wenye msiba hatujakaa matangani.

Sasa sikiliza, ewe wa gereza. Baadhi ya furu ambao ziwani hawakuonekana tena waliendelea kuzaana kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Na kama hilo ni la mbali, kuna chura wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipochukua maji ya maporomoko yaliyokuwa yakimrushia manyunyu, chura huyo, mdogo wa kukaa juu ya ukucha, alikuwa anamalizika. Mwaka 2000 wapatao 500 walipelekwa Marekani, wakafugwa Bronx na Toledo kwenye masanduku ya kioo. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kioo ndicho kilichomhifadhi. Ninachouliza ni kwa nini kioo hicho kilipaswa kuwa Toledo.

"Mambo ya wenye hela hayo." Hii ndiyo hoja ya pili ninayoisikia, na hii sina subira nayo. Kioo na silikoni kwa fundi wa madirisha ni bei ndogo kuliko simu aliyoshika anayeniambia hivyo. Maji yangu ni ya kisima kirefu cha mtaani, yale yanayogomea sabuni, na hao samaki wanayapenda kwa sababu ziwa lao lina maji magumu yenye alkali. Mtu wa maji laini atie vipande vya mawe ya matumbawe, pwani yote imejengwa kwayo. Magamba nimeokota makome matupu Kigamboni, nikayachemsha. Kipasha joto Dar wala hukihitaji. Unachohitaji ni subira ya kuliacha tangi lifanye kazi wiki kadhaa kabla ya kutia samaki, mpaka vijidudu vya kusafisha uchafu viote, na pampu ndogo ya betri kwa zile saa umeme unapokatika. Subira ndiyo watu hawana.

Mwaka jana baba alikuja kutoka Ujiji kutibiwa mtoto wa jicho. Alivua ziwani miaka arobaini. Baada ya upasuaji, bandeji zilipotolewa, kitu cha kwanza alichokaa mbele yake pale sebuleni kilikuwa tangi.

"Hawa umelipia?" akauliza.

"Nimelipia, baba."

"Mama, hawa tulikuwa tunawakung'uta."

Akacheka mpaka akashika jicho, nikamkataza. Siku ya pili akarudi kwenye kiti kilekile. Siku ya tatu akaniambia yule dume ni mjinga, anamlinda jike asiyemtaka, na kwamba gamba la kona halina mtu kwa sababu mlango umeelekea mwanga. Nililigeuza. Jioni lilikuwa na mwenyewe. Usiku ule akataja jina. Alisema bibi yake alikuwa akiwaita hivyo, wale wa kwenye magamba, alipokuwa akiwakemea watoto wanaong'ang'ania mlangoni bila kuingia wala kutoka.

Jina hilo sitaliandika hapa leo. Nataka kwanza kuwauliza wazee wengine wawili au watatu wa kule, wa Ujiji na wa vijiji vya kusini, kwa sababu jina la nyumba moja bado si jina la samaki, na sitaki nami niwe Boulenger wa pili. Nauli ya treni nimeshaiweka pembeni. Baba amesema tusikawie sana, mmoja wa wazee anaowafikiria haamki tena kitandani.

Kwa sasa nina vifaranga kumi na wanane ambao tangi haliwatoshi. Natoa bure kwa yeyote kati yenu mwenye tangi lililokwisha kukaa, anayeniahidi hatawachanganya na samaki wa dhahabu, na atakayeniletea baada ya miezi mitatu kurasa mbili za alichokiona. Aje na magamba yake. Ya kwangu yote yana wenyewe.